Nataka kusoma Kihispania kama digrii yenyewe, naombeni ushauri (niko Dodoma)

BintiNkuhungu:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naombeni mnisaidie mana dirisha la maombi ya chuo linakaribia kufungwa na nyumbani hakukaliki, kila mtu ana kozi aliyonichagulia. Nimemaliza form six HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) nimepata division two. Baba anataka ualimu, mama anasema chochote ila kiwe na mkopo, mjomba ambaye ndo mwenye hela kidogo anasema sheria. Mimi ninachokitaka nikikitaja watu wananyamaza halafu wanabadilisha mada. Nataka kusoma Kihispania. Sio kujifunza salamu na kuhesabu, nataka kiwe ndo somo langu kuu, lugha yenyewe, historia yao, fasihi yao, wanavyoishi, vyote.

Kilianza hivi. Kwa bibi upande wa Kongwa kulikuwa na zahanati ya misheni na sista mmoja mzee aliyetoka Hispania. Nimekaa kwa bibi darasa la tano mpaka la saba, na jioni nilikuwa naenda kumsaidia kukunja zile bahasha ndogo za dawa. Bahasha ikiharibika haitupwi, anaigeuza anaandika neno, juu Kihispania chini mstari mtupu, nakwenda nayo nyumbani, kesho yake naleta maana kwa Kiswahili. La kwanza lilikuwa bandera. Sikulala nalo, nilimjibu palepale kwamba ni bendera, akapiga makofi akaita na nesi aje asikie. Bahasha zote ninazo mpaka leo kwenye kopo la Blue Band. Sista alirudi kwao nikiwa form two akaniachia kamusi yake, kurasa za M zimechanika lakini zingine zipo, na mimi nimeendelea mwenyewe na klipu za YouTube nikipata bando.

Sasa maswali yangu. Je ukisoma lugha kama hii digrii nzima unaenda kufanya kazi gani hapa Tanzania, mana baba anasema lugha mtu anajifunza kwenye simu, chuo unaenda kuchukua kazi. Pili, kwenye kupekua kwangu naona Kifaransa, Kiarabu na Kichina, Kihispania kama digrii inayosimama peke yake sikioni, kwa hiyo mtu anaanzia wapi? Tatu naomba waliokisoma waniambie ukweli, ni kigumu kiasi gani kwa sisi ambao Kiingereza chenyewe tumekipatia shule. Na hilo la utamaduni linasomwaje, ni kukariri sikukuu zao au kuna zaidi.

Msinijibu kunifurahisha tafadhali, nitawasomea baba na mama majibu yenu.

---

Mrangi_wa_Karatu:

Mdogo wangu hilo kopo la bahasha limenigusa. Mimi kwetu Kondoa, sa hivi naishi Karatu, huu mwaka wa kumi na moja naongoza wageni. Nilianza na Kiingereza peke yake kama wenzangu wote na shida ikawa hiyo hiyo, wa Kiingereza tuko wengi mpaka tunagombania gari, wa Kihispania kwenye kampuni niliyokuwepo walikuwa wawili na hao wawili hawakuwahi kukaa bila safari kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi. Mwezi wa nane Hispania karibu nzima iko likizo, na ndo wakati nyumbu wako kaskazini ya Serengeti wanavuka mto Mara, kwa hiyo wanakuja kwa wingi kwa mpigo. Nikaingia darasa la jioni Arusha miezi minane, nikaendelea na wageni wenyewe garini. Malipo yangu ya siku yalipanda msimu uliofuata, hilo mwambie baba bila kificho. Mwambie na upande wa pili, masika ya mwezi wa nne na wa tano gari zinalala, na 2020 ugonjwa ulipofunga mipaka tulikaa nyumbani wote, wa Kihispania na wa Kiingereza.

Lakini nataka nikueleze kwa nini nakutamani wewe unayetaka kukisoma digrii nzima, mana mimi sikupata hiyo nafasi na nimejua nilichokosa. Mwaka mmoja nilikuwa na familia kutoka Santander, nikawashawishi tupite Kolo kwetu wakaone michoro ya miambani, ile iliyoingia orodha ya urithi wa dunia UNESCO mwaka 2006. Tukapanda mlima jua kali, tukafika chini ya mwamba, wale watu wekundu wembamba wako pale wamesimama. Yule baba akanyamaza muda mrefu halafu akaanza kunihadithia pango la kwao linaitwa Altamira, kwamba mwaka 1879 kuna bwana alikuwa anachimbachimba sakafuni kwenye pango na bintiye wa miaka 8 anaitwa María ndo akainua macho juu akaona nyati wamechorwa darini, na wataalamu wakakataa kuwa ni kazi ya watu wa kale, wakaja kukubali 1902 yule bwana ameshakufa.

Akamaliza akaniuliza, na hapa kwenu nani anakuja hapa mahali. Wakuu, mimi bibi yangu alikuwa anaenda Mungumi wa Kolo. Mvua ikichelewa wazee wanapanda kutambika pale, na wagonjwa wanapelekwa. Nimekua nasikia hayo mambo. Nikafungua mdomo nikakuta nina simba, tembo, twiga, kushoto, kulia, subirini, tazameni. Kihispania cha wanyama nilikuwa nacho, Kihispania cha bibi yangu sikuwa nacho. Nikasema ni mahali pa kuomba mvua, basi, tukashuka. Njia nzima nilikuwa naumia. Darasa la jioni halikufikishi pale dada, simu ndo kabisa haikufikishi. Kama unaweza kukisoma mpaka uweze kumweleza mtu wa Santander kwa nini Mrangi anamwaga uji wa mtama kwenye jiwe, nenda kasome.

---

Mzee_Makole:

Binti, marahaba. Mimi ni mzazi na nitasema kama baba yako atakavyosema, usinichukie. Nilisomesha kijana wangu lugha ya kigeni miaka mitatu, hakupata mkopo wote, niliuza na ng'ombe. Amemaliza, amekaa nyumbani miaka miwili na nusu. Siyo mvivu, kila tangazo la kazi alilokuwa anasoma linataka lugha NA kitu kingine, lugha na uhasibu, lugha na hoteli, lugha na ualimu. Yeye alikuwa na lugha. Jembe analo, shamba hana. Mwisho akasomea tena ualimu mwaka mmoja ndo akapata shule ya binafsi hapa mjini.

Kwa hiyo sisemi usisome. Nasema ukiingia humo uingie na shamba lako mkononi. Soma ualimu wa lugha kwa mfano, hicho Kihispania kiwe cha pili yake. Huyo kaka wa Karatu amesema vizuri na kwa uchungu, lakini yeye ana gari la wageni nyuma ya lugha yake. Wewe una nini nyuma ya yako? Jibu hilo kwanza, na baba yako ukimjibu hilo atakusikiliza.

---

Dr_Mvumi:

Shikamoo mzee wa Makole. Mdogo wangu, mimi sikusoma Kihispania, nilisoma udaktari kwa Kihispania, nilipata nafasi ya kwenda Cuba. Wanapokea wanafunzi wa nchi nyingi, kuna chuo kizima Havana kilifunguliwa 1999 kwa ajili ya wageni kusomea udaktari, na mtu ukifika hujui neno mwanzo wako ni lugha tu kabla ya mwili wa binadamu. Kwa hiyo swali lako la ugumu naweza kukujibu.

Kinachosumbua watu wote ni kwamba wao wana ser na estar, vyote viwili Mwingereza anatafsiri kitu kimoja. Nikiwa wodini mwaka wa tatu nilitaka kumwambia mke wa mgonjwa kwamba mzee anaumwa sana leo, nikasema el señor es malo. Yule mama alinitazama, macho yakajaa machozi, akaondoka. Sikuelewa. Nesi akanivuta pembeni akaniambia umemwambia mumewe ni mtu mbaya, ulitakiwa useme está malo. Nilimfuata yule mama kwenye korido nikamshika mikono miwili nikamwomba radhi kama ninavyomwomba mama yangu, na alinisamehe, na kuanzia siku ile alikuwa ananiita mi niña, mwanangu. Usiku nikakaa nikawaza, hivi kwani sisi hatuna hiki kitu? Tunacho! Mimi NI Mgogo, NIKO Havana. Soy, estoy. Hatuwezi kusema mimi ni Havana. Haviendi sambamba kila mahali, mana sisi tunasema nimechoka na wao wanasema estoy cansada, lakini mlango ni huo huo, ulivyo na hali uliyo nayo kwa sasa. Wenzangu waliotoka kwenye Kiingereza walihangaika nacho mpaka mwisho, sisi Waswahili tuliposhika huo uzi tulikwenda.

Utamaduni sio kukariri sikukuu. Utamaduni ni kujua kwamba muuza duka Havana atakuita mi amor, mi vida, na hakutaki chochote, ndo anavyomwita na bibi wa miaka themanini. Ni kujua kwamba kuna usted ya kumpa mkubwa na tú ya rika lako, na nchi na nchi zinatofautiana nani apewe ipi, mtu aliyelelewa na shikamoo hilo analielewa haraka. Ni kujua kwamba Cuba s ya mwisho wanaimeza, los niños unasikia lo niño, ukijifunzia kwenye redio ya Madrid unafika pale unahisi umedanganywa. Daladala wanaita guagua. Hilo hilo neno guagua ukilipeleka Chile ni mtoto mchanga. Nchi 20 hizo dada, watu karibu milioni 500 wamezaliwa nacho, hakuna Kihispania kimoja, na anayekwenda chuoni kukisoma ndo atajua hayo yametoka wapi, mimi nilikuwa nayaokota.

---

Mkulima_Hombolo:

Naongeza kidogo tu. Sisi huku tuna zabibu, baba yangu ana ekari mbili. Hispania ndo nchi yenye eneo kubwa la mizabibu kuliko nchi yoyote duniani, na Chile na Argentina nao wanatengeneza mvinyo mwingi. Mi natazama klipu zao za kupogolea, naona mikono tu, maneno sijui. Siku moja jamaa alikuwa anaonyesha jicho la kuacha na la kukata, amerudia mara tatu kwa msisitizo kabisa, kuna kitu anatahadharisha, nimerudisha nyuma mpaka bando likaisha na sijajua mpaka leo ni nini. Mwaka huo tulikata tulivyozoea. Dada ukisoma njoo Hombolo, kazi ipo.

---

Mtafsiri_AreaC:

Nimesoma uzi wote, ngoja niseme ya kwangu, nafanya tafsiri na ukalimani, Kifaransa na Kihispania, naishi Area C. Nitaandika ndefu mnisamehe.

Kwanza ugumu, mana daktari kafungua mlango mzuri na kuna vyumba vingine ndani. Irabu zao ni tano, a e i o u, zile zile, zinasomeka vile vile popote zilipo. Mkazo kwa maneno mengi yanayoishia na irabu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu, ven-TA-na, a-MI-go. Ñ yao ni ny ya nyama. J yao ni kh ya kheri ukiitamka vizuri. Kitenzi chao kimebeba mtenda ndani yake, hablo ni ninasema, hablas ni unasema, sisi tunamweka mtu mbele wao wanamweka nyuma, huna haja ya kutaja mimi wala wewe. Nomino inaburuza wenzake, libro rojo, libros rojos, kitabu chekundu, vitabu vyekundu, na wao wana makundi mawili tu ya kiume na ya kike, mtu uliyelala na ngeli zote zile hutoshindwa na mawili.

Na sasa kile ambacho vitabu vya Kiingereza vinakiandikia sura tatu na watu wanalia, wanaita subjuntivo. Digo que vienes, nasema unakuja. Quiero que vengas, nataka UJE. Umeona hiyo e ya mwisho? Unakuja inageuka uje, mana bado hujaja, ni matakwa yangu. Wao vienes inageuka vengas kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wa miaka minne pale soko la Majengo anasema mama nataka uninunulie, hasemi nataka unaninunulia. Hicho ndicho kinachofundishwa mwaka wa pili wa digrii na wewe umekuja nacho kutoka kwa bibi Kongwa. Nilipokigundua nilisimama katikati ya chumba. Nawaomba walimu wa Kihispania wote hapa nchini wafundishe kutoka Kiswahili, waache kumpitisha mtoto kwenye Kiingereza ndo afike Hispania, ni kumzungusha Singida mtu anayekwenda Morogoro.

Hiyo bandera ya sista ina historia. Bendera yetu tumeipata kwa Wareno waliokuja pwani, na Kireno na Kihispania ni ndugu wa damu, ndo mana meza yetu kwao ni mesa na mvinyo kwao ni vino. Upande mwingine Waarabu waliingia Hispania 711 na utawala wao wa mwisho kule Granada ukaanguka 1492, karibu miaka 800, wakaacha maneno kwa maelfu. Azúcar ni sukari. Hasta ni hata yetu ya zamani, ile ya mpaka. Ojalá wanayosema wakitamani jambo imetokana na kumtaja Allah, ukiisikia unasikia inshallah kwa mbali. Hayo ndo yanasomwa kwenye digrii, historia ya lugha, fonetiki, fasihi ya huku na ya Amerika, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe 1936 mpaka 1939 na utawala wa Franco mpaka alipofariki 1975, ukoloni wao, watumwa waliopelekwa Cuba kutoka kwetu Afrika. Na Afrika yenyewe imo, Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968 na mpaka leo Kihispania ni lugha yao rasmi, wana waandishi wao wanaoandika kwa hicho Kihispania mambo ya mihogo na mizimu na shangazi, ukisoma unajikuta nyumbani.

Kazi. Mzee wa Makole yuko sahihi na namheshimu kwa kusema. Ila mzee, nikuombe uangalie kitu kimoja, binti shamba analo, ni Kiswahili. Kasoma HKL. Umoja wa Afrika lugha zake za kazi ni Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kihispania, na tangu Februari 2022 Kiswahili. Umoja wa Mataifa una sita na Kihispania kimo. Hesabu unaowajua wanaoweza kukaa katikati ya Kihispania na Kiswahili moja kwa moja bila kupita Kiingereza. Mimi nimehesabu wa kwangu, mkono mmoja umetosha. Novemba 2024 Rais Samia alikwenda Cuba na kongamano la Kiswahili likafanyika Havana kule kule, kwa hiyo kuna watu upande ule nao wanatafuta mwalimu wa Kiswahili anayeweza kuwaeleza kwa lugha yao. Binti asome isimu na Kiswahili kwa nguvu ile ile, asikiache.

Njia. Kama kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hukioni kama digrii yenyewe usikate tamaa wala usijaze sheria kwa hasira za mjomba. Chukua digrii ya lugha hapa hapa, Kifaransa na isimu au Kiswahili na Kifaransa, mana Kifaransa ukikijua Kihispania nusu umeshakibeba, na pembeni kila mwaka panda ngazi ya Kihispania. Mtihani wa kutambulika unaitwa DELE, ngazi zake A1 mpaka C2, unatolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Hispania iliyoanzishwa 1991, cheti chake hakiishi muda, na vituo vya kufanyia vimeorodheshwa kwenye tovuti yao. Ukimaliza digrii una B2 mkononi, unaomba shahada ya pili Hispania ukisome sasa kama somo kuu. Kuna Fundación Mujeres por África wanafadhili wanawake wa Kiafrika kusoma vyuo vya Hispania, fuatilia. Ukitaka kwenda nje moja kwa moja sasa hivi, TCU wanatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, NOC, kichukue KABLA hujaondoka, na uhakikishe hicho chuo digrii yake itatambuliwa ukirudi.

Na hapa nitaandika kwa herufi kubwa, USIMPE HELA AJENTI YEYOTE kwa ajili ya ufadhili. Mdogo wake rafiki yangu wa Chang'ombe alitoa milioni moja na laki tatu kwa mtu aliyekuwa na ofisi, na kalenda ukutani, na picha za wanafunzi kwenye theluji. Barua aliyopewa ilikuwa na neno universidad limeandikwa vibaya. Niliiona mwenyewe hela ikiwa imeshakwenda, mama yake alikuwa ameuza cherehani.

---

Kijana_Sabasaba:

Mpira wakuu msiusahau. Simba ilikuwa na Pablo Franco Mhispania, Yanga ikawa na Gamondi wa Argentina na ubingwa akachukua, kisha akaja hapa kwa jirani Singida. Kocha ana miaka yake ya kazi kichwani na mchezaji ni wa Kibaigwa, ujumbe unapita Kiingereza ambacho hakuna kati yao aliyezaliwa nacho. Mi nacheza ligi daraja la chini, najua ukiambiwa kitu dakika ya 80 umechoka unakisikia kwa lugha ya kwenu tu.

---

BintiNkuhungu:

Asanteni sana jamani, nimelia na sijui nimelia kwenye lipi. Nimesoma yote mbele ya mama. Hiyo ya nataka uje nilimwambia mama aseme kwa kukosea, aseme nataka unakuja, akasema haiji mdomoni.

Mzee wangu wa Makole, nimekaa na swali lako siku mbili. Jibu ninaloliona ni la kaka wa Area C, Kiswahili na isimu ndo shamba, Kifaransa hapa hapa Dodoma, Kihispania kila mwaka ngazi moja, halafu ndo nikisome chenyewe. Nitajaza hivyo kesho. Ualimu nimeuweka chaguo la tatu ili baba naye awemo. Ila baba bado. Kasema hao wote wana kazi zao ndo mana wanaongea, akachukua redio yake akatoka nje, kipindi cha zilipendwa kilikuwa kinaanza.

Dr naomba kuuliza, ile rr ya perro inatoka vipi? Mi kwetu tunachanganya l na r, nikisema pero, perro na pelo zote zinatoka moja.

---

Dr_Mvumi:

Hiyo isikutishe, ina dawa. Ncha ya ulimi iweke nyuma ya meno ya juu, pale pa kusemea d, usiikaze, halafu sukuma pumzi mpaka ulimi upige wenyewe, kama watoto wanavyoiga pikipiki inapanda mlima. Fanya asubuhi unapochota maji na usiku kabla ya kulala, dakika tano tano. Mimi ilinijia wiki ya sita, nilikuwa nafua. Pero ya r moja ulimi unagusa mara moja tu, ndo r ya kawaida kwenye kura. Na pelo mwambie mtu wa nyumbani akusikilize macho kafumba aseme umesema ipi.

---

Mzee_Makole:

Binti, umenijibu vizuri kuliko kijana wangu alivyonijibu, na yeye nilimlea mwenyewe.

Hilo la zilipendwa. Mimi nimekulia Morogoro. Baba yangu alikuwa na santuri za Cuba, zile zilizokuwa zinauzwa madukani enzi za mkoloni, haelewi neno na anaimba zote. Morogoro nzima ilikuwa hivyo. Salum Abdallah alizipenda mpaka bendi yake ikaitwa Cuban Marimba, na alipofariki 1965 akaja kuiongoza Juma Kilaza, huyo nimemcheza mwenyewe kwa miguu hii. Baba yako akiwa na redio mkononi mwulize hiyo Cuba kwenye jina la bendi ilifikaje Morogoro. Usimwombe kitu siku hiyo, mwulize tu akueleze.

Na mimi nina langu. Kabla ya kuitwa Cuban Marimba, Salum alipoianzisha mwaka 1948, aliiita La Paloma. Nimelitamka jina hilo tangu mtoto. Maana yake ni nini?

---

BintiNkuhungu:

Njiwa, mzee wangu. La ni kwa sababu njiwa kwao yuko kundi la kike, paloma ni njiwa. Bahasha yake ninayo, sista aliiandika mwaka walipojenga kiota kwenye dari ya zahanati akakataa wasitolewe.

Baba yuko nje bado anasikiliza, ngoja nitoke nimwulize.